Chungu cha Kwanza Hakilaumiwi

Kitendawili!

Sema tega basi, usinitolee macho. Haya. Nilikula mimi, kikashiba kijiji kizima. Nilipouliza kama mimi mwenyewe nimeshiba, hakuna aliyejua.

Unafikiri? Mwingine atasema ni mama anayenyonyesha. Hapana, ingawa kakaribia mlangoni. Mwingine atasema ni jiko. Hapana. Na usinipe mji kwanza. Miji niliyopewa na watoto wa nyumba hii ni mingi mno, sijui nitaitawala lini yote. Wewe kaa, nikusimulie jambo lenyewe lilivyokuwa. Ukifika katikati utajibu mwenyewe, maana mimi niliyekula ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua.

*

Asubuhi ile nilikwenda gulioni na Subilaga, mwenzangu tulioanza kufinyanga pamoja tukiwa wasichana wenye meno yote. Gulio letu liko pale pale ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na vyungu hupangwa chini kwenye mchanga, mstari kwa mstari. Nilifika, nikasimama kama niliyepigwa na kitu.

Vyungu vyote vilikuwa vimeinamia kushoto. Vyote, nakwambia. Vya mama Tumpale, vya wale mabinti wa kule mlimani, hata vya yule kikongwe wa ng'ambo ya mto ambaye alikuwa akitufundisha sisi kunyoosha ukuta wa chungu kwa gunzi la hindi. Vimeinama kama watu wanaosikiliza umbea wa jirani.

Na mimi nikavipenda. Hapo ndipo penye tabu. Nyuma ya sikio langu lilianza joto, likashuka shingoni, likaingia kifuani taratibu kama uji wa kwanza wa asubuhi. Moyo ukasema, lo, vizuri hivi! Nami nikauambia moyo, wewe, vizuri nini? Havikai hata mafigani.

Subilaga alikuwa na vyungu vyake sita. Vimesimama wima, mdomo wa duara, rangi nyekundu imesuguliwa kwa kokoto mpaka inang'aa. Alivipanga, halafu akavifunika kanga.

"Mbona unavifunika?" nikamuuliza.

"Navistiri, Mama Jicho." Hilo ndilo jina alilonipa akiwa na hasira. "Vitazame wenzao walivyopata bahati ya kulemaa."

Pembeni yetu dada mmoja aliinua chungu kilichoinama, akakikumbatia. "Jamani! Hiki kitaniua!"

"Utapikia nini humo, mama?" Subilaga akamwuliza. "Mchuzi wa upande mmoja?"

"Bibi, hiki si cha kupikia. Cha kutazama."

"Basi jioni mkitazame, mshibe."

Dada yule alicheka, akaondoka nacho. Vile sita vya Subilaga hakuvitupia hata jicho la wizi. Si kwamba alikuwa na dharau. Mboni yake ilinyamaza, basi, na Mboni ikinyamaza mtu hupita kwenye kitu kama anavyopita kwenye jiwe.

*

Wewe hukuikuta miaka ya miwani, ndiyo maana unaniangalia hivyo. Zamani kila mtu alikuwa na miwani yake inayompakia dunia rangi aitakayo. Mume anaona ukuta wa buluu, mke anaona wa kijani, na wote wanaishi chumba kimoja. Mwanangu wa pili alioa siku watu walipokuja harusini kila mmoja akiona gauni tofauti, na tulipoimba kumsifu bibi harusi hakuna aliyejua mwenzake anasifu nini. Watu walikuwa wakipendana na vitu visivyokuwapo. Ulikuwa upweke mbaya ule, upweke wa kukaa wengi.

Ndipo wataalamu wakaleta Mboni. Ni ngozi nyembamba inayowekwa juu ya jicho, na punje moja nyuma ya sikio, ndogo kama ulezi. Haikubadilishii unachokiona. Inakupa joto tu. Ukitazama kitu ambacho jicho mama, yaani jicho la mtu mmoja aliyepimwa, lilikipenda, unapata raha ile ile aliyoipata mwenye jicho. Watu wa pwani nzima ya ziwa wakaanza tena kusema "tazama!" na wenzao wakatazama na kufurahi nao. Walilia watu, nakwambia. Mimi nililia.

Lakini jicho mama lazima liwe la mtu. Kabla ya kuigawa walizunguka vijijini wakitafuta mtu anayejua kuangalia, wakaambiwa yupo Bibi Syabumi, mfinyanzi, akigonga chungu kwa kidole anajua kitaishi miaka mingapi. Wakanivalisha punje siku arobaini. Nikila, inapima. Nikitazama mvua inavyokuja kutoka ng'ambo, inapima. Damu ikichemka kidogo kwa raha, inaandika: alikuwa akitazama nini. Nikala mimi, kijiji kikashiba; umeshapata jibu?

Siku ya ishirini na tatu mjukuu wangu Ikupa, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alitoa chungu chake cha kwanza motoni.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kosa. Chungu cha kwanza cha mwanafunzi hakilaumiwi. Mwalimu hukipokea kwa mikono miwili, husema "Kizuri," hukipeleka jikoni kwake na kukipikia. Kikiwa kizima hakuna mwenye ruhusa ya kutamka neno baya juu yake, hata mama mkwe. Siku kikivunjika, mwalimu huketi na mwanafunzi wake kwenye vigae na kumwambia ukweli wote, hapa ulikosea, hapa ulijitahidi. Kwa kawaida hakipiti mwezi. Vyungu vya kwanza havina umri.

Cha Ikupa kilikuwa kinene kama msingi wa kanisa. Kiliinamia kushoto. Nilikipokea kwa mikono miwili nikasema "Kizuri," na mtoto yule alinitazama kwa macho ambayo, Mungu wangu, nilihisi kifua kinafunguka kama mlango.

Punje ikaandika. Na chungu kile hakikuvunjika. Miaka minne nakipikia maharage, nimekisukumia kijiwe upande wa kushoto kisimwage, na hakina hata ufa.

*

Niliporudi kutoka gulioni nilimkuta Ikupa uani, amekaa kwenye kigoda na barua magotini. Alikuwa na miaka kumi na tisa sasa, mrefu, mikono yake mizito ya udongo kama ya mama yake.

"Wameniita, Bibi. Kwenye shule ya ufinyanzi wanayoijenga mjini. Wanataka niwe mwalimu mkuu."

Nikapiga kigelegele. Kilinitoka nusu, nikakikata, kwa sababu yeye hakucheka.

"Nitawafundisha nini?" akauliza. "Kuinamisha?"

"Utawafundisha unachokijua."

"Sijui ninachokijua, Bibi. Nikitazama vyungu vyangu nasikia joto. Lakini joto lile ni lako. Nilikuwa nikifinyanga, nikifika mahali mkono unataka kunyoosha ukuta, joto linapotea. Nikiinamisha, linarudi. Basi nikainamisha. Miaka minne nafuata joto lako kama kuku anayefuata mtama." Akaikunja barua. Kisha akaniuliza lile swali. "Katika vyungu vyangu vyote, kipo hata kimoja kilicho kizuri? Usiniambie Mboni inasemaje. Wewe."

Nikatazama pembeni, chini ya upenu, mahali kuku wanapokunywa maji. Palikuwa na kichungu kidogo cheusi, hakina nakshi, hakina rangi. Nakumbuka alikifinyanga masika yaliyopita, siku ya mvua, hana la kufanya, wala hakumwonyesha mtu. Kilisimama tu pale, tumbo lake la duara limekaa juu ya ardhi kama kitu kilichoota. Nyuma ya sikio langu kulikuwa kimya, baridi kabisa. Lakini humu ndani kitu kikanigusa kidogo, kama samaki anavyogusa mguu wako ukiwa umesimama ziwani, ukitazama chini humwoni.

Nikasema ni njaa. Sikuwa nimekula tangu alfajiri.

"Bibi, nimekuuliza."

"Ngoja niweke maharage jikoni," nikamjibu, nikakimbilia jikoni kama mwizi.

*

Siku ya tatu yake akaja Bwana Gwamaka, mtaalamu wa Ofisi ya Mboni. Ni kijana mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni, akaniamkia shikamoo, akakaa mkekani ingawa nilimwekea kiti. Subilaga alikuwapo, amekuja kuomba majivu, akakataa kuondoka.

"Bibi, wiki ijayo jicho lako linapelekwa nchi nzima," Gwamaka alisema. "Kabla ya hapo lazima tulisafishe. Kuna mahali pananisumbua."

Akafungua kisanduku, akatandaza hewani mbele yetu mstari wa mwanga, siku zangu arobaini zote. Mstari ulikwenda chini chini, vilima vidogo: mvua, maembe, sauti ya watoto wa shule. Kisha ghafla mlima. Siku ya ishirini na tatu.

"Raha kubwa kuliko zote. Mashine ikasema alikuwa akitazama chungu kilichoinama, kwa hiyo chungu kilichoinama ndicho kitu kizuri kuliko vyote. Lakini mimi nimeangalia picha ya siku ile, Bibi. Nyuma ya chungu kulikuwa na msichana." Akakuna kichwa. "Mashine inaona mgeni kaingia ndani. Haioni kapitia mlango upi. Kwa hiyo nakuuliza. Raha ile ilikuwa ya chungu, au ya mtoto?"

Jikoni maharage yalikuwa yakichemka ndani ya chungu chenyewe, bluku, bluku, kama nayo yanasubiri.

"Na nikisema ya chungu?"

"Nakiacha. Nchi nzima itavipenda vya Ikupa, na shule ni yake."

"Na nikisema ya mtoto?"

"Nafuta siku hiyo." Akatazama mkeka. "Watu wakiamka kesho yake, vyungu vyake vitakuwa vimepoa. Hawatavichukia. Hawatavihisi tu. Shule haitamwita mtu ambaye vyungu vyake havihisiwi."

"Kama vyangu," Subilaga akasema, taratibu. Kwa mara ya kwanza hakutania.

Ikupa alikuwa amesimama mlangoni.

Nikamwambia Gwamaka, nitolee hiki kitu jichoni, nikakitazame chungu kwa macho yangu mwenyewe. Akanitoa Mboni kwa ncha ya kidole, akabandua na punje, akaviweka juu ya kisanduku chake. Nikaenda jikoni. Wote wakanifuata, tukajaa humo kama msibani.

Nilikitazama. Kimejaa masizi, kimeinama, kijiwe ubavuni. Nikasubiri kuona kama ni kibaya.

Sikuona. Ningekwambia uongo nikisema niliona. Nilikipenda. Nimekipikia miaka minne, najua kinapoungulia, najua kinavyolia kikipata moto mwingi. Je, hiyo ni raha ya chungu, au ya mtoto, au ya maharage? Nikajiuliza, kabla ya Mboni nilijuaje chungu kizuri? Nikamkumbuka mama yangu. Nilikuwa mdogo, nashika chungu, na akikiona kibaya ananipiga kidole, akikiona kizuri anaimba puani. Nikajifunza kupenda kile kilichomfanya aimbe. Basi macho haya ninayoyaita yangu, mama aliyavalisha punje zamani, kabla ya wataalamu kuzaliwa. Na yeye alivalishwa na mama yake. Nikazidi kuvuka mto nisione ng'ambo.

"Chungu hiki kinapendeza," Gwamaka alijisemea polepole, kisha akajishika mdomo. "Samahani. Mimi bado nimevaa yangu. Nyumbani ninavyo vitatu."

"Maskini," Subilaga akasema.

"Bibi, niandike nini?"

"Siwezi kusema."

"Hujui, au huwezi?"

"Vyote viwili, mwanangu. Sijui vizuri, na hata kile kidogo ninachokijua siwezi kukitamka. Kizima hicho. Chungu cha kwanza kikiwa kizima hakilaumiwi. Nikikisema vibaya leo, nimevunja kinywa cha mama yangu na cha bibi yangu. Nikikisema vizuri, nchi nzima itapika mchuzi wa upande mmoja."

Hata Subilaga alikubali kwa kichwa. Desturi ni desturi, hata kwa mtu aliyefunika vyungu vyake kwa kanga.

Ndipo Ikupa akapita katikati yetu. Akachukua sufuria, akamimina maharage yote humo bila haraka, asipoteze hata punje, maana nilimlea vizuri. Akakishika chungu kwa kitambaa. Akatoka nacho uani.

"Ikupa!"

Akakiinua juu ya kichwa, akakitupa chini.

Kikadunda. Haki ya Mungu, kikadunda, kikabingirika mpaka kwenye miguu ya Gwamaka, kizima kama kilivyo. Subilaga akaanza kucheka, akajizuia kwa kanga, akashindwa. Hata Ikupa mdomo ukamcheza.

Akakiokota tena. Safari hii akakipeleka kwenye jiwe la kusagia, akakishusha kwa nguvu zake zote, na zile nguvu sijui alizitoa wapi. Kikalia sauti moja nzito. Kikawa vigae.

Akakaa chini, palepale, juu ya vigae. Akapiga piga ardhi kando yake kuniashiria nikae.

"Kimevunjika, Bibi. Sasa sema."

Nikakaa. Magoti yalilalamika, nikayanyamazisha. Nikaokota kigae kimoja, nikakigeuza. Ndani kilikuwa chekundu kibichi, hakikuiva. Ukuta wake vidole viwili.

"Kilikuwa kibaya," nilimwambia. "Kilikuwa kibaya sana, mjukuu wangu. Ulikianika upande mmoja ukaenda kuogelea, ndiyo maana kikainama. Ulikifanya kinene kwa sababu uliogopa. Na mdomo wake ulikuwa kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Siku ile nilikuona wewe, chungu sikukiona."

Machozi yalimtoka, na kicheko kikamtoka kwa pamoja, vikagongana njiani.

"Ya mtoto," nikamgeukia Gwamaka. "Andika."

Akaandika. Juu ya kisanduku ule mlima wa mwanga ukashuka, ukashuka, ukawa sawa na vilima vingine. Sijui kama nilifanya vema. Nilimtazama Ikupa nikaona mtu ambaye kesho asubuhi atapita gulioni na hakuna atakayegeuka, na ni mimi niliyemfanya hivyo, kwanza kwa kumpenda, kisha kwa kusema. Nikatamani kukikusanya kile chungu na kukiunga.

"Na vile vingine vyote vilikuwa watoto wa hiki," Ikupa alisema, akifuta pua kwa kiganja, udongo ukambaki usoni. "Kwa hiyo jibu lako ni hapana. Hakuna hata kimoja."

"Sijajibu swali hilo."

"Basi jibu, Bibi. Nimesubiri tangu siku ya barua."

Subilaga akanisaidia kuinuka. Nikaenda chini ya upenu. Jogoo alikuwa akinywa, nikamfukuza, akanitukana kwa lugha yake. Nikamwaga maji. Nikakiinua kile kichungu cheusi kwa mikono miwili, nikakigonga kwa kidole, kikaita, sauti nyembamba safi iliyokaa hewani kidogo kabla ya kuondoka. Subilaga akageuka haraka, shingo imemnyooka. Gwamaka akatazama pia, akasubiri joto nyuma ya sikio lake, asipate kitu, akabaki ameduwaa kama mtu aliyefika kituoni akakuta hakuna gari.

Na mimi yule samaki akanigusa tena mguuni. Punje yangu ilikuwa mbali, juu ya kisanduku. Tangu asubuhi nilikuwa nimekula, na nimekula vizuri. Haikuwa njaa.

Nikarudi kwenye vigae, nikamwekea Ikupa magotini.

"Hiki," nikamwambia. "Usiniulize kwa nini, maana sijui. Ninachojua ni kwamba nilipokipenda hiki, nilikuwa peke yangu."